Mgeni Aliyenyimwa Kiu

Kwanza yalikuwa magoti. Jua lilikuwa bado halijachungulia, na mimi sijafumbua macho, nilipoyasikia magoti ya mama mdogo yakitua kwenye saruji ya sebule: ko, kisha baada ya kitambo, ko. La kulia lilitangulia kwa sababu la kushoto lilikuwa linauma. Mama mdogo hakujua kupiga magoti kimyakimya, wala hakujua kuomba kimyakimya. Nyumba yetu ya Dodoma haikuwa na dari. Kuta ziliishia njiani, juu yake kukawa na hewa na mabati, kwa hiyo neno lililoombwa sebuleni lilipanda, likagonga bati, likashukia chumbani. Mungu alikuwa msikilizaji wa pili. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Asubuhi hiyo aliomba hivi:

"Bwana, unanijua, mimi ni mzito wa kuelewa. Sema nami kwa kitu ninachoweza kukiona. Mwalimu anakuja Jumatano. Kama ndiye, aombe maji kwa kinywa chake. Asikaribishwe maji, aombe mwenyewe. Akiomba, nitajua. Asipoomba, nitajua pia, na sitanung'unika."

Nikabaki nimeyakodolea macho mabati. Mwalimu huyo alifundisha shule ya msingi huko Kibakwe, kwenye vilima vya Mpwapwa. Alikuwa mgane mwenye watoto wawili. Walikutana na mama mdogo kwenye mkutano wa injili, wakaandikiana barua mwaka mzima, na sasa alikuwa Chamwino kwa semina ya walimu ya wakati wa likizo. Jumatano angekuja kula chakula cha mchana. Jumamosi angekuja kuchukua jibu. Jumatatu angepanda basi kurudi kwake, akiwa na mchumba au akiwa na vumbi tu.

Jibu likiwa ndiyo, mama mdogo angeondoka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, na tangu nilipoanza kuandika visa vyangu kwenye madaftari ya shule, yeye ndiye aliyekuwa akivisoma. Si kusoma tu. Alikuwa mpiga taipu katika shirika moja la umma, na wakati wa chakula, wenzake wakiwa wamekwenda kula, alivipiga visa vyangu chapa kwenye karatasi za shirika, akasahihisha nukta, akanirudishia kama barua za serikali. Alinifanya niamini kwamba maneno yangu yana uzito. Kibakwe ilikuwa mbali sana na madaftari yangu.

Lazima nieleze habari ya alama, la sivyo mtatuona wote wendawazimu. Sisi tulikuwa watu wa ushirika. Kila Ijumaa jioni ndugu walikusanyika kwenye sebule ya mmoja wao, wakaimba, kisha kila mtu akaweka maisha yake nuruni, yaani akasimama na kusema mbele ya wote dhambi aliyotenda na jambo analotaka kulifanya. Hakuna aliyeoa, aliyehama wala aliyefuga mbuzi bila kwanza kulileta jambo lake pale, na bila kupata amani. Ndugu mmoja alishika usukani wa baiskeli dukani kutwa nzima akisubiri amani ya kuinunua. Amani ilikuja saa kumi jioni, mwenye duka akiwa amekwisha kumuuzia mtu mwingine. Wale ambao amani yao ilichelewa waliomba alama.

Na mama mdogo alikuwa bingwa wa alama. Alipokuwa msichana aliomba kwamba, kama Bwana anamtaka shirikani, barua ya kuitwa kazini ifike siku ya mvua. Mvua, Dodoma! Barua ikafika imelowa mpaka wino umetambaa. Akaingia shirikani akiimba. Kisha zikaja enzi za ruksa, serikali ilipoachia biashara huru. Maduka ambayo jana yalikuwa na rafu tupu na kiberiti kimoja yakajaa sabuni, khanga na redio, mitumba ikafurika sokoni, na shirika lililoitiwa mvua likafungwa. Mama mdogo akarudi nyumbani na cherehani kuukuu aliyoinunua kwa mwenzake.

"Labda ile mvua ilikuwa mvua tu," mama alimwambia.

Mama mdogo hakumsemesha dada yake siku mbili. Lakini nadhani ndipo hofu ilipomwingia. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na hakutaka kumsikia Mungu vibaya mara ya pili.

Kwa hiyo Jumatano nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua duniani, isipokuwa Mbingu na mama mdogo mwenyewe. Mgeni asipoomba maji, mama mdogo anabaki. Na mgeni hawezi kuomba kitu ambacho tayari anacho mkononi.

Baba alikuwa dereva wa serikali, safarini kama kawaida. Mama alikuwa zamu ya mchana hospitali. Mama mdogo alipika tangu asubuhi bila kuniruhusu nisogelee jiko, jambo lililonishangaza, maana kwa kawaida alinisogeza jikoni kwa mwiko. Mboga ilikuwa kambale wakavu wa Bahi, na mlenda pembeni. Alipogeuka kutafuta kitambaa nikachovya kidole kwenye mchuzi. Ulimi ukakunjamana. Nikajisemea: maskini, mapenzi yamemharibia kipimo cha chumvi.

Saa saba mgeni akapiga hodi. Alikuwa mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likasimama lenyewe, na viatu ambavyo upepo wa Septemba ulikuwa umevipaka rangi ya ardhi yetu. Alikuwa ametembea kutoka stendi juani. Midomo ilikuwa imekauka. Alipoketi tu, akaifungua.

"Shikamoo mwalimu, karibu maji!" Nilikuwa mbele yake na jagi kabla kiti hakijamaliza kulia.

"Marahaba. Oo, asante sana, binti."

Akanywa. Mama mdogo alitokea mlangoni na upawa mkononi, akaitazama ile glasi kama mtu aliyekuta mbuzi kitandani.

"Nani amekutuma maji?"

"Hakuna, mama mdogo. Ni adabu tu. Si ulinifundisha?"

Alikuwa amenifundisha kweli. Akarudi jikoni. Glasi ilipofika nusu nikaijaza. Mwalimu akashukuru. Akasimulia habari za semina, nami nikajaza. Akasimulia habari za mvua haba za Kibakwe, nami nikajaza, nikiona ni mada inayofaa.

"Binti huyu ana huduma," akasema.

"Ana kitu," mama mdogo akajibu, akitenga chakula. "Sijui kama ni huduma."

Tukala. Tonge la kwanza la ugali wa uwele na kambale lilipopita kooni mwa mgeni, niliona macho yake yakipanuka. Alikuwa mtu wa heshima. Alimeza, akatabasamu, akasema chakula kina ladha. Mama mdogo alikuwa ameacha kula. Alikuwa amemtazama mdomoni kama watoto wanaomtazama mwenye kugawa pipi.

"Mwalimu, kula, kula," akambembeleza. "Ongeza mchuzi."

Akaongeza mchuzi. Mimi nikaongeza maji. Akaongeza mchuzi tena, nami sikulala. Sijui ilikuwa glasi ya ngapi mgeni alipoweka mkono juu ya tumbo, akanitazama kwa unyonge na kusema:

"Samahani, msalani ni upande gani?"

Alikwenda uani mara tatu kabla ya saa tisa. Mara ya tatu nilipitisha kichwa mlangoni nikamkuta mama mdogo peke yake kwenye kiti, mikono juu ya mapaja, akitazama jagi.

"Hakuomba," alisema, si kwangu.

Nilitarajia kufurahi. Nilikuwa nimeshinda bila kusema uongo hata mmoja, kwa kumimina maji tu, kazi ambayo dini zote zinaisifu. Lakini uso wake haukuwa wa mtu aliyeelekezwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyefika stendi akaliona basi lake kwa nyuma. Usiku ule hakusoma daftari langu. Alhamisi alikaa kwenye cherehani akashona mfuko wa sketi upande wa nje, akaufumua, akaushona tena upande uleule.

Isitoshe, mama aligundua kwamba pipa la maji limekauka. Bomba letu lilitoa maji siku mbili tu kwa wiki.

"Nani ameoga humu? Tembo?"

"Mgeni alikuwa na kiu, mama."

"Huyo mgeni alikuja kuchumbia au kunywesha ng'ombe?"

Ijumaa ilikuwa zamu ya nyumba yetu kupokea ushirika. Ndugu kumi na wawili walijibana sebuleni. Waliimba, wakaanza kusimama mmoja mmoja. Ndugu wa baiskeli aliungama, kama alivyoungama kila wiki, kwamba ameitamani redio ya jirani yake. Dada mmoja aliungama kwamba amemkasirikia mkwewe, akaeleza kwa kirefu kwa nini alikuwa na haki. Kisha mama mdogo akasimama.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

"Ndugu mnajua jambo langu na mwalimu. Nilimwomba Bwana alama. Haikuja. Basi nimeelewa ni hapana, na kesho nitamwambia hivyo. Naomba mniombee nisinung'unike. Niliahidi."

Mzee wa ushirika, kinyozi mwenye upara ambaye nywele zake zote zilikuwa zimehamia kidevuni, aliinamisha kichwa. "Bwana amefunga mlango. Tumshukuru kwa uwazi wake."

"Amina," wakaitikia wote, na nikaona machozi ya mama mdogo yakidondoka juu ya viatu vyake vya mitumba, vile vyekundu alivyovinunua kwa ajili ya Jumatano.

Kuna dhambi ambazo hukaa kimya moyoni miaka mingi kama wapangaji wazuri. Ile yangu ilianza kugonga kuta. Nilijua kwamba Mungu hakuwa amesema neno lolote siku ile. Niliyesema nilikuwa mimi, kwa jagi. Na sasa watu kumi na wawili walikuwa wakimshukuru Mungu kwa kazi yangu.

Nikasimama.

"Bwana asifiwe. Ni mimi."

"Ni wewe nini, mwanangu?" mzee akauliza.

"Niliyemnyima kiu. Nilimsikia mama mdogo akiomba alama, kwamba mgeni aombe maji mwenyewe. Mgeni alipotaka kufungua mdomo nilimpa maji. Kila mara. Sikutaka mama mdogo aende Kibakwe."

Mtu mmoja alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Mama alijifunika uso kwa khanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Sikuthubutu kumtazama mama mdogo. Nilimsikia akivuta pumzi ndefu.

"Kama ni nuru," akasema, "basi iwake yote. Yule kambale nilimtia chumvi mara tatu."

"Mara tatu?" mama akauliza ndani ya khanga.

"Mara tatu, dada. Na nilichagua maji kwa sababu nilijua atatoka stendi juani. Mtu gani atembee juani Septemba asiombe maji? Nilimpa Mungu mtihani nikiwa nimekwisha kuujaza majibu. Nilitaka aseme ndiyo, nami nionekane nimetii."

Hapo ushirika ulivunjika vipande viwili. Ndugu wa baiskeli alisema chumvi ilikuwa ya mwili na maji yalikuwa ya Roho, kwa hiyo jibu ni hapana. Dada wa mkwe alisema binti mwenye hila hawezi kuwa chombo cha Roho, kwa hiyo jibu ni ndiyo. Mwingine akapendekeza mgeni aitwe tena, apikiwe chakula kisicho na chumvi, na mimi nifungiwe chumbani.

"Mtoto wa watu tumemtesa tumbo vya kutosha," mama akasema.

Mzee wa ushirika alikuna ndevu kwa muda mrefu. Mwishowe akasema kitu ambacho sikukitarajia kutoka kwa mtu aliyezoea kujua: "Mimi sijui." Akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia akiomba, wakaenda zao.

Kuta zilizoishia njiani hazikuwa sebuleni tu. Kesho yake asubuhi jirani yetu alikuja kuazima ungo. Alikuwa mama wa Kiislamu wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mji, mwenye duka dogo la viungo. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa.

"Shikamoo bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwenye jagi."

Mama mdogo alikuwa akichana nywele mlangoni. Akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, cheko dogo lenye aibu. "Bibi nawe umesikia."

"Mtaa mzima umesikia, binti yangu. Mbwa wamesikia." Akaukung'uta ungo. "Sisi mtu akiwa na jambo zito anaswali istihara. Anamwambia Mola: kama lina kheri nifanyie wepesi, kama lina shari niepushe nalo. Kisha anaondoka kwenda kulifanya. Miguu yake inatembea, na Mola anaifungua njia au anaifunga. Lakini kumwekea Mola sharti la glasi ya maji, ukakaa kitini unangoja! Hata mimi dukani siwafanyii wateja hivyo."

"Na mtu akikosea njia?"

"Atakuwa amekosea akiwa mkononi mwa nani?"

Akajitwisha ungo akaenda. Mama mdogo aliendelea kuchana nywele. Nilijua anaomba kwa sababu midomo yake ilikuwa inacheza, lakini safari hii macho yalikuwa wazi, na bati halikurudisha neno lolote. Sikusikia alichosema. Nilijaribu.

Saa nne mwalimu akaja. Nilikaa uani, kwa amri, ila mlango wa uani uliachwa wazi kwa ajili ya heshima, na mimi ni mtu wa heshima.

"Nikuletee maji, mwalimu?" nilimsikia mama akimuuliza.

"Hapana! Hapana, asante, dada. Yale ya Jumatano bado yapo."

Mama akatoka nje haraka akisingizia kuku. Mama mdogo akamweleza mwalimu kila kitu, chumvi kwa chumvi. Nilitegemea kicheko. Hakikuja. Mwalimu aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia.

"Kwa hiyo ningeomba maji ungenikubali."

"Ndiyo."

"Na angeingia mpita njia akaomba maji?"

"Mwalimu, ndiyo maana naona aibu."

"Mimi nina watoto wawili. Wa kwanza ana miaka tisa. Tangu mama yake afariki hanisemeshi zaidi ya shikamoo. Nyumba inavuja. Cherehani yako haitapata wateja wengi kule, watu wanalima. Haya nilitaka uyaulize. Sikuulizwa hata moja. Niliulizwa kama nimeshiba."

"Basi nauliza sasa," mama mdogo akasema. "Huyo wa kwanza ni mvulana au msichana?"

"Msichana."

"Anapenda nini?"

"Sijui," mwalimu akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka kutoka kwenye ukali wake. "Alikuwa anapenda kushona nguo za mwanasesere. Yeye pamoja na mama yake."

Niliacha kusikiliza hapo. Nasema kweli. Niliondoka nikaenda kukaa kwenye banda la kuku pamoja na mama, kwa sababu nilikuwa nimeanza kumwona yule msichana wa miaka tisa ambaye sikuwa nimemhesabu katika glasi zangu zote.

Hawakupeana ndiyo siku ile. Mama mdogo alimwambia mwalimu kwamba Alhamisi atapanda basi kwenda Kibakwe, afikie kwa mchungaji, aione nyumba inayovuja na watoto, na watoto wamwone yeye. Baada ya hapo ndipo watazungumza. Jumatatu mwalimu akatangulia. Ndugu wa baiskeli alikuja kuuliza ni amani gani hiyo ya kwenda bila alama, mama akamwambia aingie ndani anywe chai, akanywa, akasahau swali.

Nadhani hapo ndipo nilipoanza kumwamini Mungu mimi mwenyewe, si kwa kurithi. Yule aliyekuwa akijibu kwa mvua na glasi nilikuwa nimemweza kwa jagi moja. Huyu aliyenyamaza kabisa, akamwacha mama mdogo afunge mzigo wake bila kumwonyesha chochote mbele, huyu sikujua pa kumshikia. Na mama mdogo, aliyekuwa akiogopa kila kitu, alikuwa akikunja nguo huku anapiga mluzi.

Alhamisi alfajiri tulisimama sebuleni watatu. Alikuwa na begi moja la mitumba na vitambaa vidogo vya rangi, mabaki ya ushonaji, amevifunga kwenye leso.

"Una uhakika?" mama akamuuliza.

"Sina."

"Umeomba alama?"

"Sijaomba, dada."

"Na ukifika ukakuta sivyo?"

"Nitarudi. Au sitarudi. Atakuwepo pande zote mbili."

Mama akamkumbatia, akamwachia, akamkumbatia tena. Kisha mama mdogo akanigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba nzima ya msamaha, nimeiandika na kuikariri, lakini alinishika kidevu kama nilipokuwa na miaka sita.

"We mtoto," akasema, "andika. Nitasoma nikipata nafasi. Na nukta uweke mwenyewe sasa."

Yaliyotokea Kibakwe ni yake kuyasimulia, na huyasimulia vizuri kuliko mimi, hasa wale watoto wakiwepo kumsahihisha. Mimi nilichokiona ni mgongo wake, khanga begani, akiinama kidogo upande wa begi. Nilipiga hatua moja kumfuata. Hakugeuka. Alitoka, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, akaushika mlango, akauvuta mpaka kitasa kikalia.